Zeituni kwa wasiozitaka: nilizozionja Muscat, na ipi umpe nani kwanza

Mtu akikwambia hali zeituni, muulize kwanza alipewa ipi. Mara nyingi atakutajia zile nyeusi zilizokatwa pete na kumwagwa juu ya piza. Au atakwambia alialikwa kwa watu, akaokota moja sahanini akidhani ni tunda tamu, akaishia kuitema kwenye tishu. Mtu huyo mie simhesabu kuwa hapendi zeituni. Nahesabu kuwa alianzishwa vibaya, na aliyeanzishwa vibaya anaweza kuanzishwa upya.

Naandika haya nikiwa Muscat, Al Khoudh, katika nyumba ya Kizanzibari ambayo wageni hawakatiki. Leo wamekuja wa Unguja, wiki ijayo wa Tanga, Idi ikifika wanashuka wa Mombasa na watoto wao. Huku zeituni ziko kila mahali, maana maduka yamejaa vyakula vya Sham (Siria, Lebanoni na jirani zake), vya Misri na vya Uturuki, na supamaketi kubwa kama Lulu zina kaunta za zeituni za kupimiwa, kila aina na beseni lake. Kwangu sahani ya zeituni haikosekani mezani asubuhi ya Ijumaa. Basi nimewaona watu wa pwani wa kila umri wakizikunjia uso, na wengi wao nimewaona baadaye wakizigombania. Nimezipitia zinazopatikana kwenye kaunta za hapa nikiwa na swali moja tu kichwani: huyu asiyetaka, nimpe ipi?

Kwanza tuuseme uchungu wenyewe. Zeituni ikichumwa mtini hailiki, iwe ya kijani au iliyoiva ikawa nyeusi. Atakayepanda Jabal Akhdar, kule Saiq ambako ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ataikuta mizeituni, ya mwitu na ya kupandwa. Achume moja aitafune, halafu asubiri. Uchungu hauji mara moja, unakuja nyuma ya ulimi, kisha ukakasi unakamata mashavu na hautoki hata ukinywa maji. Kinacholeta hayo ni kitu kinachoitwa oleuropini, na kazi yote ya mtengenezaji ni kukitoa. Wako wanaokitoa kwa maji matupu, wakiyabadilisha kila siku kwa wiki kadhaa. Wako wanaozitia katika maji ya chumvi wakaziacha zichachuke kwa miezi. Wengine huzifukia katika chumvi kavu mpaka zikanyauka. Viwandani hutumia kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, inayomaliza uchungu kwa saa kadhaa, kisha zikaoshwa tena na tena. Zeituni ya kijani na zeituni nyeusi ni tunda moja, zinatofautiana kwa siku ya kuchumwa. Ila njia iliyotumika kuitoa uchungu ndiyo inayoamua utasikia nini mdomoni, na kutoka njia moja hadi nyingine ladha zinaachana mno. Mtu aliyeionja ya kopo peke yake hajui lolote kuhusu iliyochachushwa kwa maji ya chumvi na malimau.

Ulaya wana ushauri wao kwa wasiopenda zeituni: mpe ya Castelvetrano. Hii ni zeituni ya Sicily, kutoka bonde la mto Belice mkoani Trapani, na mti wake unaitwa Nocellara del Belice. Huchumwa ingali kijani, ikalazwa katika maji yenye kostiki na chumvi, haiachwi ichachuke. Kwa hiyo inabaki na kijani chake kikali, nyama imejaa na imara, na ladha inaelekea kwenye siagi, na utamu kidogo mwishoni. Mpwa wangu anayeishi Italia hutuletea. Ni zeituni nzuri kweli, na kwa watoto nitairudia hapo chini. Lakini nimewapa watu wazima wa kwetu, watu wa Malindi na wa Mkunazini, mitaa ya mjini Unguja, wakaitafuna kwa adabu na kusema, “Haina kitu.” Na wana haki. Mtu aliyekulia embe mbichi ya chumvi na pilipili nje ya geti la skuli, ubuyu, ukwaju, achari ya ndimu iliyokaa juani mpaka ikageuka rangi, huyo ulimi wake umeshasomeshwa ukali na chumvi tangu mdogo. Ukimpa kitu kipole anakiona hakina ladha. Yeye mlango wake ni mwingine.

Mlango huo ni zeituni za kijani za kupasuliwa, za Palestina na Jordan. Kwenye kaunta utazijua kwa sura. Hazing'ari, kijani chake kimefifia kuelekea ukahawia, na kila moja ina ufa upande mmoja, maana imegongwa kwa jiwe au nyundo ya mti kabla ya kutiwa majini, ili uchungu upate pa kutokea. Zimekaa katika maji ya chumvi pamoja na vipande vya limau na pilipili mbichi nzima, na juu yake pana utando wa mafuta ya zeituni. Nyingi ni za miti ya Nabali au Suri, aina za zamani za nchi ile. Ukiitia mdomoni, kwanza unasikia limau, halafu chumvi, halafu pilipili kwa mbali, na uchungu unakuja mwisho ukiwa umeshazungukwa na vyote hivyo. Nyama inaachana na kokwa kwa upande wa ufa. Upande wa pili inaing'ang'ania, mpaka uikwangue kwa meno ya mbele, na hapo ndipo mafuta yake hasa yanapotoka.

Shemeji yangu wa Tanga, mtu mzima, baharia wa zamani, alikuja kwetu akiwa ameshaapa kuwa zeituni si chakula cha binadamu. Sikumtengea sahani ya zeituni. Nilipika wali wa nazi na changu wa kukaanga, nikaweka pembeni kibakuli ambacho siku zote hukaa achari, na ndani yake zeituni za kupasuliwa nilizozitoa kokwa na kuzichanganya na kitunguu kilichokatwa nyembamba.

“Shemeji, hii achari ya nini?”

“Kula wali wako kwanza.”

Akala. Akaongeza. Baadaye akasema, “Hii kama ya ndimu, lakini ina mafuta.” Nikamwambia ni zeituni. Akanitazama, akachota tena. Siku aliyoondoka alibeba kopo zima Tanga, limefungwa kwa mifuko mitatu lisivuje kwenye nguo.

Nimelifanya hilo hilo kwa wengine na linafanya kazi, kwa sababu moja iliyo wazi: zeituni inakaa pale ambapo mkono wa mtu umeshazoea kwenda. Ukimwekea mtu wa pwani zeituni peke yake kwenye kisahani kabla ya chakula, kama wanavyofanya Wahispania, humpi chochote cha kuishikia. Mwekee pembeni ya wali na samaki, pembeni ya mbatata za kuchemsha, ndani ya kachumbari, naye atajua la kufanya nayo.

Tahadhari moja kuhusu hizi za kupasuliwa. Hazifanani kila wakati. Msimu ukiwa mpya wapo wanaozitoa mapema, bado zina uchungu unaouma. Usinunue bila kuonja. Wauzaji wa kaunta hapa hawana tatizo, mwambie akupe moja, atakuchotea kwa kijiko. Ukiona imezidi, chukua tu, ila ukifika nyumbani zimwagie maji baridi, zilaze usiku kucha kwenye friji, asubuhi zichuje, kamulia limau bichi, tia mafuta ya zeituni na pilipili. Zitakuwa zimetulia.

Sasa zile nyeusi za kopo. Hizi ndizo zilizowakimbiza watu wengi, na nitasema wazi kwamba kwa mtu anayeanza sizipendekezi kabisa. Geuza kopo usome lebo. Ukiona E579 au maneno ya glukonati ya chuma, ujue hiyo zeituni haikuwa nyeusi mtini. Ilichumwa kabla ya kuiva, ikatiwa kostiki, ikapigwa hewa mpaka ikageuka rangi, kisha chumvi hiyo ya chuma ikatiwa ili weusi usipotee. Haina madhara, na njia hiyo ni ya tangu zamani huko California na Hispania. Lakini haikupata nafasi ya kuchachuka, ikapikwa ndani ya kopo, na kilichobaki ni ulaini, chumvi na harufu ya bati. Hata uchungu hamna. Mtu akila hii kwa mara ya kwanza anajifunza kuwa zeituni ni kitu kisicho na sababu ya kuliwa. Mkahawa mmoja hapa mjini huzimwaga juu ya kila kitu, mpaka kwenye saladi ya tuna, na nimeona meza baada ya meza watu wanazichambua na kuzisukuma kando ya sahani. Inaniuma, kwa sababu watoto wanakuwa wanatazama.

Ukitaka nyeusi ya kweli, omba ya Gemlik. Inatoka Uturuki, mkoa wa Bursa, karibu na bahari ya Marmara, na Waturuki hawali chakula cha asubuhi bila hiyo. Ngozi yake nyembamba, kokwa ndogo, nyama inaachia kokwa bila kushindana, na ina mafuta mengi. Imeiva mtini kweli, kwa hiyo ladha yake ni nzito na ya utulivu, haina ule ukali wa za kijani. Mie naiweka mezani na mkate wa ufuta wa moto na jibini nyeupe, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Wako watu ambao achari hawaipendi, wanapenda vitu vya mafuta na ladha ya kina, watu wa kuku wa nazi na samli. Hao waanzishe hapa, usiwapeleke kwenye limau na pilipili. Mama yangu ni mmoja wao. Za kupasuliwa alizikataa katakata, lakini Gemlik alizikubali siku ile ile nilipozipasua na kuzipaka juu ya mkate kwa mafuta kidogo, na sasa ndizo anazoniulizia akija.

Kwa mama palikuwa na suala la presha, na hili lisifichwe kwenye tathmini yoyote ya zeituni. Gramu 100 za zeituni za kijani za chupa zina karibu gramu 1.5 za sodiamu, ile iliyomo ndani ya chumvi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 2 kwa siku, yaani chini ya gramu 5 za chumvi kwa vyakula vyote. Sahani ya kujisahau inakufikisha huko kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo za mama nachukua zile za pakiti za Kituruki zilizoandikwa chumvi kidogo, au nazilaza majini saa kadhaa, nikibadilisha maji, na nampa chache. Nalaza zile tu zitakazoliwa siku hiyo, kwa sababu chumvi ndiyo inayozilinda zisiharibike. Wala usiitoe chumvi yote. Chumvi kidogo hufunika uchungu, na zeituni iliyooshwa kupita kiasi inakurudishia uchungu uliokuwa umejificha.

Za Moroko, zile nyeusi zilizonyauka katika chumvi kavu, zenye mafuta na zaatari juu, nazipenda kupita zote. Lakini ni kali, zina uchungu na chumvi vyote kwa pamoja, na kumpa mtu anayeanza ni kumwonea. Ziache mpaka atakapokuomba kitu kikali zaidi. Kalamata za Ugiriki, zile za zambarau zenye ncha, ni nzuri na siki yake inawafaa watu wa achari, ila bei yake hapa iko juu na kwa kazi hii ya kuwaanzisha watu sioni zinazidi nini zile za Palestina. Zilizojazwa pilipili nyekundu za chupa, soma lebo: nyingi zake kile chekundu si kipande cha pilipili, ni uji wa pilipili uliogandishwa kwa alginati. Zilizojazwa lozi ni afadhali sana, na mtu anayependa korosho atazikubali upesi, kwa sababu meno yanapata cha kuvunja.

Watoto ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo nilipotumia muda zaidi.

Mtoto wa miaka miwili mpaka sita ana woga wa chakula kipya, ni umri wake. Uchungu ndicho kitu anachokikataa zaidi ya vyote, na ana sababu, maana vitu vingi vya sumu ni vichungu na mwili wake unamlinda. Wataalamu wa lishe ya watoto wanasema chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla mtoto hajakikubali. Wazazi wengi tunakata tamaa kwenye ya tatu. Kuonja maana yake ni kuonja tu, hata kulamba na kurudisha sahanini ni kuonja. Kwangu ni ruhusa kutema, ila kwa adabu, kwenye tishu. Na sitoi zawadi. Ukimwambia mtoto “kula zeituni ndiyo upate aiskrimu”, umeshamfundisha kuwa zeituni ni adhabu na aiskrimu ndiyo chakula.

Ya kumwanzia mtoto ni ile pole. Castelvetrano ukiipata, ndiyo hasa. Usipoipata, kaunta za hapa zina zeituni kubwa za kijani za Misri, za aina ya Tofahi au Ajizi, nono, zenye nyama ya kutosha na mafuta machache, ambazo ukizing'ata zinalia. Watoto wanapenda kitu kinacholia mdomoni kuliko kitu laini, nimeliona hilo kwa watoto wote waliopita nyumbani kwangu. Chagua beseni ambalo halina pilipili. Zioshe, zilaze majini nusu saa. Kisha zitoe kokwa mwenyewe: ilaze zeituni ubaoni, ibonyeze kwa ubapa wa kisu mpaka ipasuke, kokwa inatoka. Sipendi kununua zilizotolewa kokwa kiwandani, maji ya chumvi yameshaingia mpaka ndani na ladha imetoka. Kwa watoto wadogo zikate vipande vinne kwa urefu. Usimpe mtoto mdogo zeituni nzima, hata isiyo na kokwa, kwa sababu umbo lake ni la kuziba koo.

Halafu kuna katlesi. Huko Italia, mji wa Ascoli Piceno, zeituni kubwa za kijani hutolewa kokwa, zikajazwa nyama, zikazungushiwa unga, yai na chenga za mkate, zikakaangwa. Nilipoziona mara ya kwanza nilijua hiki ni chakula chetu kimekosa mbatata tu. Kwangu natia kima ya ng'ombe iliyokaushwa na thomu na pilipili manga, na ikiwa sina subira ya kujaza moja moja, nazikatakata zeituni ndogo ndogo nikazichanganya na kima ndani ya katlesi za kawaida. Anza na kidogo, kijiko kwa sufuria nzima ya kima. Mtoto anaiona katlesi, anaijua, anaila. Wiki nyingine unaongeza. Siku moja anauliza hiki cha kijani ni nini, na wewe unamwambia kweli. Hilo la kusema kweli nalisisitiza. Mtoto akigundua kuwa ulimficha, ataichambua kila katlesi utakayompikia.

Binti wa wifi yangu, mwenye miaka saba, alianzia kwenye katlesi, akaenda kwenye vipande juu ya mkate na jibini, na sasa anasimama nami kaunta na kuchagua. Anazitaka zile kubwa za Misri tu, nyingine hataki. Sina haja ya kumsukuma zaidi, ana zeituni yake.

Kwa yeyote, mkubwa au mdogo, jambo linalosaidia kuliko yote ni joto. Zeituni ikitoka kwenye friji imelala, inasikika chumvi peke yake. Itoe mapema ikae mezani. Au, kwa wageni wagumu, fanya hivi: sufuria ndogo, mafuta ya zeituni ya kufunika chini, punje mbili za thomu zilizopondwa, ganda la chungwa lililomenywa bila ule weupe wake, chembe za uzile, moto mdogo kabisa. Thomu ikianza kunukia, tia zeituni zilizochujwa maji, zungusha mpaka zipate uvuguvugu, epua. Zisikaangike. Zilete mezani hivyo hivyo na mkate. Harufu ya chungwa inamfika mtu kabla ya zeituni yenyewe, na yale mafuta yanayobaki chini watu wanachovya mkate mpaka sufuria inakuwa safi. Nimewaona waliosema hawataki wakianza na mafuta, kisha zeituni ndogo moja iliyonasa kwenye mkate, kisha ya pili kwa makusudi.

Kuhusu kununua: chukua kidogo kidogo, za kupimiwa, na mwambie muuzaji akujazie maji yake mpaka zizame. Wengine wanayamwaga ili zisimwagike njiani, mwambie asifanye hivyo. Zikiwa ndani ya maji yake, kwenye chupa yenye kifuniko katika friji, zinakaa wiki kadhaa. Tumia kijiko kikavu, usitie vidole. Ukiona utando mweupe mwembamba juu ya maji, ni hamira tu, uondoe na zioshe. Lakini zikiwa na utelezi na harufu mbaya, tupa bila kujadiliana.

Palestina na Jordan mavuno yao makubwa ni Oktoba na Novemba, na za kupasuliwa hazichukui muda mrefu kuwa tayari, kwa hiyo kuelekea mwisho wa mwaka ndipo zinapofika mpya, limau lake bado lina maji. Muulize muuzaji zimeingia lini. Mtu wa Tanga ameshanitumia ujumbe niwe nimemwekea.